Wasso Huitwa Mwisho

Siku hizi mtu wa Karatu huongea na mtu wa Wasso akiwa juu ya bodaboda, na akikata simu hakumbuki alichoambiwa. Mwaka 1989 sauti ya Wasso ilifika Karatu mara moja kwa siku, saa moja na nusu asubuhi, na aliyeipokea alikuwa Xavery.

Xavery alitoka Mbulu na darasa la nne tu. Kiingereza na umeme alijifunza kwenye vitabu chakavu vya mapadri. Kwa miaka kumi na mmoja alishika redio ya upepo katika kituo cha misheni. Kila asubuhi alivaa shati lenye kola, kana kwamba wa upande wa pili wangemwona, akaita vituo. Kwanza Olbalbal, kwa Kisioki wa zahanati. Mwisho Wasso, kwa Petronila wa stoo ya dawa.

Utaratibu huo aliupata kwa kosa. Mwanzoni alikuwa akiita Wasso kwanza. Petronila alitumia betri ya gari, na akishajibu alizima redio ili asiimalize. Siku moja Kisioki akaitwa baada yake, akaomba chanjo. Gari la Wasso lilikuwa karibu kuondoka, lakini Petronila alikuwa ameshazima. Gari likapita Olbalbal tupu. Tangu hapo mwenye shida aliitwa kwanza, na mwenye vitu akaitwa mwisho, shida zote zikiwa zimeshasikika. Na kwa kuwa nyuma ya Petronila hapakuwa na mtu mwingine, walibaki na dakika mbili tatu zao wenyewe, za mvua, mahindi, na nani kaoa. Kila aliyemaliza kusema alitaja ova, ndipo mwenzake ajibu.

"Na wewe kaka Xavery, lini? Ova."

"Namsubiri mwenye betri yenye nguvu. Ova."

Alikuwa amemwona mara mbili tu. Sauti ilimtosha.

Mwezi wa tano akaja Damiano, fundi aliyesomea Dar es Salaam, na kompyuta iliyoviringishwa kwenye blanketi. Sista Leonida, msimamizi wa kituo, alieleza kwamba kompyuta itafungwa kwenye redio, na barua zitakazochapwa Karatu zitatokea Wasso zikiwa zimeandikwa.

"Ikishafanya kazi, saa ya kuongea tunaifunga," alisema. "Wewe Xavery utatunza jenereta. Unaijua."

Programu yenyewe ilikuja kwenye diski ikiwa bado maandishi matupu, na Damiano ndiye aliyepaswa kuigeuza iwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Vipande vyake viligeuzwa kimoja kimoja bila shida. Shida ilikuwa hatua ya mwisho, kwenye kiunganishi, programu ya kuvifunga vipande viwe kitu kimoja. Kila kipande huita vingine kwa majina, na kiunganishi humtafuta mwenye jina. Kikimkosa, husimama. Kilisimama, kikaorodhesha majina arobaini na moja yasiyopatikana.

"Yamo," Damiano alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Yamo kwenye maktaba, lile faili la vipande vya akiba, na maktaba nimeitaja."

"Labda mashine haijazoea baridi ya Karatu," Xavery alisema.

"Mzee, nenda kwenye jenereta yako."

Xavery alikuwa na miaka thelathini na minane.

Damiano akaenda Wasso kusimamisha antena. Asubuhi nne mfululizo Petronila alikata maneno. "Nina mgeni, kaka. Ova." Fundi alirudi akipiga mluzi, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Yule dada anacheka mpaka anashika meza," alisema. "Na hukuniambia, mzee."

Mchana huo, Damiano alipokwenda kula, Xavery alifungua kitabu cha maelekezo, kamusi pembeni. Alisoma kama alivyosoma maisha yake yote, neno kwa neno. Akafika pale paliposema kwamba kiunganishi hupita orodha mara moja tu, toka kushoto kwenda kulia. Kikifika kwenye maktaba huchukua yale tu yaliyoombwa na vipande vilivyotangulia, kisha hakirudi nyuma. Akatazama amri aliyoiandika Damiano. Maktaba ilikuwa ya kwanza. Mtaalamu alikuwa ameita Wasso kabla ya Olbalbal.

Akafunga kitabu, akaenda kwenye jenereta.

Alinyamaza siku kumi na moja. Majina arobaini na moja yalipojitokeza kila asubuhi, chai yake ilikuwa tamu. Kosa likibaki, Petronila anabaki.

Kisha Damiano akaenda tena Wasso, kukagua antena isiyokuwa na ugonjwa. Kesho yake Petronila akasema, "Kaka, Damiano anasema lile kosa hakuna mtu kaskazini yote wa kuliweza. Wataandikia Ulaya. Ova."

Wivu ukamshika Xavery. Angeweza kusema pole tu.

"Mimi nililijua siku kumi na moja zilizopita. Ova."

"Unatania. Ova."

Akamweleza. Petronila alielewa upesi kuliko fundi yeyote.

"Kumbe ni kama siku ile nilivyozima, Kisioki akabaki na shida yake. Ova."

"Ndivyo. Maktaba iwekwe mwisho kabisa. Ova."

Alisubiri asifiwe. Akasikia mwanamume akicheka karibu na kipaza sauti.

"Yupo hapa, kaka, anaandika," Petronila alisema. "Anasema asante sana, mzee. Ova."

Damiano alirudi, akahamisha neno moja hadi mwisho wa mstari. Hakuna jina lililokosekana. Sista Leonida alimpa fundi mkono, na Xavery akashukuriwa kwa jenereta. Jumatatu, saa moja na nusu, redio ililia kama nyenje, na maneno yakatokea kwenye skrini: MVUA IMENYESHA. MAHINDI MAZURI. Yangeweza kuandikwa na mtu yeyote. Watu waliita hayo maendeleo, na wanaita hivyo hadi leo.

Mara ya mwisho aliwaona Disemba, gereji ya Karatu, Land Rover ikijazwa mafuta. Damiano alikuwa kwenye usukani. Petronila, pete mpya kidoleni, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka Xavery, asubuhi kimya sana siku hizi."

Xavery alikuwa na jibu. Lakini kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja alisimama kwanza, akisubiri aseme ova. Hakusema. Gari likaondoka kuelekea Ngorongoro.