Kitunguu Saumu na Safu ya Mbele

Mke wangu alitoka hospitali amevaa nguo zake, zikimpwaya kama za kuazima. Muuguzi alituonya kwamba asipokula atarudi kulazwa, na kwa kuwa anakula kidogo, hicho kidogo kitiwe kitu chenye mafuta na yai.

Nikanunua mayonezi kwenye duka la chini ya ghorofa letu, hapa Yeoville. Nilichoma kitunguu saumu kwanza, nikakiponda, nikachanganya na kukamulia ndimu. Akaonja kwa kiazi cha kuchemsha, akasukuma sahani.

"Ni kama kutafuna karatasi," alisema. Dawa zilikuwa zimemuua ulimi.

Kesho yake nikatwanga kitunguu kibichi kwa chumvi, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu Buyenzi, nikakitia kwenye mayonezi. Machozi yakamtoka. Akachovya tena.

"Hii naisikia. Sasa kaa tule wote."

"Magharibi inakaribia, mke wangu."

Alijua sababu. Dini yetu inamtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiende msikitini kuwaudhi wenzake kwa harufu. Nami, tangu tufike Johannesburg, nafasi yangu ilikuwa safu ya mbele, nyuma ya imamu.

"Nenda basi na kinywa chako kisafi," akasema, akiweka kijiko chini. "Peke yangu sili. Mimi si kuku wa kufungiwa."

Nikaketi. Tulikula viazi, kisha samaki wa kukaanga, vyote kwa ile mayonezi. Adhana ikalia kwenye simu yangu, nikatandika mswala sebuleni. Yeye akaswali nyuma yangu, ameketi kitini. Nilimsikia akiitikia amina kwa sauti nyembamba, nikamshukuru Mungu kwa sauti ile.

Jioni nyingi zilipita hivyo. Wenzangu wa msikitini walipokuja kuuliza hali, mmoja alisimama mlangoni akanusa.

"Sheikh, tulidhani unaumwa. Kumbe unakula vizuri."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Wakaletewa mkate na bakuli la mayonezi, na hakuna aliyesema tena habari ya harufu.

Majuzi alionja, akakunja uso.

"Baba, umezidisha kitunguu. Kinachoma."

Nilimtazama. Kilikuwa kiasi kile kile nilichokitia siku zote.

"Kesho kichome kwanza," akasema, akifuta bakuli kwa kipande cha mkate. "Kitanitosha. Nawe urudi kwenye safu yako."