Bei Niliyoitaja Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa masika, ukungu ukiwa bado umekalia mabega ya Uluguru, nilipopanda Kilakala kwenda kutazama nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka kuweka marumaru. Umri wangu ulikuwa ishirini na sita. Nilikuwa na miaka minne ya ufundi na kiburi cha miaka arobaini. Mwanangu, leo umenijia na habari ya nyumba ya vyumba vitano kule Bigwa, ukasema kesho unapeleka bei. Kaa basi unisikilize. Magoti yangu hayaniruhusu tena kupanda huko pamoja nawe, na hata kusimulia siku hizi kunanichosha, lakini hili nitalisema.

Nyumba ilikuwa kubwa: sebule, vyumba vinne, jiko, na korido ndefu iliyoishia msalani. Ilijengwa kwa awamu mbili, kama nyumba zetu nyingi, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Sakafu yote ilikuwa ya saruji iliyomaliziwa kwa uji wa saruji tunaouita niru, laini, inayong'aa kwa miaka mingi ya kupigwa deki. Getini nilipishana na fundi mwingine, mtu mzima wa Msamvu, anakunja futi yake, suruali imejaa vumbi magotini.

"Mwenzako alikuwa hapa tangu saa moja," mwalimu akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Bei ataniletea Jumamosi."

"Jumamosi, mama? Kwani amepima uwanja wa mpira?"

Alicheka kidogo, kwa adabu tu, kisha akanieleza haja yake. Mume wake, Mzee Mkude, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, alikuwa amepooza upande mmoja. Alikuwa kwa mdogo wake Dakawa, anaishi kwenye kiti cha magurudumu.

"Nataka sakafu moja, fundi, sawasawa, kutoka sebuleni mpaka msalani," alisema. "Aende mwenyewe. Mzee wangu haumizwi na ugonjwa kama anavyoumizwa na kuita mtu ampeleke chooni."

Nilisikia kila neno, ila macho yangu yalikuwa yanamfuata yule fundi anayeteremka. Nikahesabu vyumba kwa kidole, nimesimama kizingitini na viatu vyangu mguuni, nikataja bei. Sikupima. Sikupiga goti. Sikugonga hata mahali pamoja nisikie sakafu inasemaje. Bei ilikuwa ndogo na tamu, na mwalimu akaikubali hapo hapo. Nikashuka mlima napiga mluzi. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Siku ya pili ya kazi ndipo nilipovuta kamba kutoka mlango wa sebule hadi mlango wa msalani. Pale ambapo nyumba ya zamani ilikutana na ile ya nyongeza, sakafu ilikuwa imeshuka vidole vinne. Nikavuta tena, nikidhani kamba imelegea. Haikuwa imelegea. Kusawazisha shimo lile kulitaka saruji ambayo haikuwemo katika bei yangu, na siku za kuiacha ikauke. Tena ile niru ilitakiwa kugongwa kwa tindo nyumba nzima, ipate makovu, kwa sababu udongo wa saruji haushiki juu ya kitu laini. Hiyo peke yake ni kazi ya wiki moja ya kuvunja mgongo. Nayo haikuwemo.

Mwalimu alikuja na chai na sahani ya magimbi akanikuta nimechuchumaa.

"Mbona umenyamaza, fundi?"

"Napima tu, mama."

"Kuna tatizo?"

"Hamna."

Neno moja tu, mwanangu. Ningeweza kusema: mama, nilikosea, nilitaja bei bila kupima, tukae tuzungumze. Labda angenifukuza, labda angeniongezea. Mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu chini ya marumaru. Upande ulioshuka nikajaza udongo mnene, upande uliopanda nikapaka mwembamba, na kote nikalaza juu ya niru ile ile, bila kovu hata moja. Kwa macho ilipendeza. Majirani walivua viatu mlangoni kwa hiari yao.

Mzee Mkude akaletwa kutoka Dakawa. Nilikuwepo siku ile, nimekuja kuchukua vifaa vyangu. Alikuwa mtu wa utani. Alijisukuma kwa mkono wake mmoja mzima na mguu mmoja, akapita koridoni anaita, "Sogeeni, sogeeni, basi la Dakawa halina breki." Mkewe alisimama jikoni na mwiko mkononi, akawa anamtazama tu. Sijawahi kuona mtu akifurahia mwenzake kwenda chooni kama yule mama.

Furaha ile haikumaliza mwezi. Mvua zilikolea, unyevu ukapanda kutoka chini kama unavyopanda kwenye miteremko yetu, na marumaru tatu za koridoni zikaachia na kuinuka ukingo. Gurudumu la mbele likakwama hapo. Mzee akaanguka, akaangukia mkono wake mzima. Haukuvunjika, lakini mkewe hakuweza kumwinua, na alilala sakafuni mpaka majirani walipofika. Kesho yake aliomba mwenyewe arudishwe Dakawa.

Mwalimu hakunipigia mimi. Alimtafuta aliyenifundisha kazi, Mzee Banzi, naye akashuka kutoka Mgeta na kunipitia nyumbani. Hakunigombeza njiani. Tulipofika aliniwekea chaki mkononi, akaanza kugonga marumaru moja moja kwa mpini wa nyundo. Iliyolia kama debe tupu nilitakiwa kuiwekea alama, mwalimu akiwa amekaa anatuangalia. Chaki iliisha kabla korido haijaisha.

Mzee Banzi akakaa chini, akaegemea ukuta. "Kulaza umelaza vizuri," alisema. "Hapa koridoni hukukosea. Ulikosea pale mlangoni. Ulitaja bei ya kazi uliyoitaka, si ya kazi iliyokuwepo. Kisha ukaipunguza kazi ilingane na bei."

"Mzee, niliogopa yule wa Msamvu angeichukua."

"Angeichukua, na leo mwenye nyumba angekuwa nyumbani kwake."

Tulibomoa. Siku zilizofuata niligonga niru kwa tindo tangu asubuhi mpaka jioni, bila malipo, masikio yanalia, viganja vimepasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga sakafu. Mwalimu hakuninyima chai hata siku moja, na ile chai ilinichosha kuliko tindo. Kazi ilipokwisha, sakafu ilikuwa imetulia kama maji kwenye sinia. Mzee Mkude akaletwa tena.

Aliingia sebuleni, akaitazama korido kwa muda mrefu. Mkewe akamwambia, "Nenda baba, safari hii iko imara, nimeikagua mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Mama Neema, nisukume." Tangu siku hiyo mpaka anafariki, miaka kadhaa baadaye, hakuivuka peke yake tena. Sakafu niliirudisha, mwanangu. Ile imani yake sikuweza.

Basi nyumba ya Bigwa usiitajie bei kesho. Vua viatu, ingia vyumba vyote, uliza ni nani atakayetembea humo na ni nani atakayesukumwa. Vuta kamba kabla hujafungua mdomo. Gonga kila kona, na kama ni niru, hesabu siku za tindo ndani ya bei yako na umwambie mwenye nyumba kwa nini zimo. Mwenzako akitaja ndogo, mwache aende nayo. Kukosa kazi kunauma wiki moja. Na ukigundua katikati kwamba umekosea, sema siku hiyo hiyo, aibu ikiwa bado mbichi na marumaru zikiwa bado kwenye maboksi. Mtu akikuuliza kama kuna tatizo, nalo lipo, usimjibu "hamna".

Nenda, mwanangu. Mungu akutunzie magoti yako na ulimi wako, akupe moyo wa kuomba siku tatu za kufikiri mbele ya mtu mwenye haraka, na kila atakayepita juu ya kazi ya mikono yako afike salama anakokwenda.