Nazi za Chuoni

Wajukuu zangu mnaokwenda chuoni kusoma Kurani, na nyinyi mliokwisha kukikimbia, kaeni niwaambie. Nakumbuka Alhamisi moja mwalimu wetu alitutangazia kwamba ada ya kuni haitoshi tena, kila mtoto alete na nazi. Mwaka ule wafanyabiashara walikuwa wakiinunua mbata, nazi iliyokaushwa, kwa bei nzuri, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha. Simlaumu.

Baba yangu hakuwa na mnazi hata mmoja. Alikwea minazi ya watu akilipwa nazi, na nazi hizo ndizo zilizokuwa tui letu.

Mwanangu, ada ikipanda haiwaumi wote sawasawa. Wengi wa wanaoanza walihamishiwa kwa mwalimu wa kijiji cha Ndagoni, asiyedai nazi, bila kupoteza kitu. Mimi nilikuwa karibu kuhitimu msahafu. Mwalimu mpya angenirudisha nyuma. Mdogo wangu Mize ndiyo kwanza alikuwa kwenye alifu, na wa kumpeleka Ndagoni hakuwapo. Baba akaamua mimi niendelee, Mize akae.

Tukala samaki wa chukuchuku, wa kuchemshwa bila tui, wenzangu wakaniita Binti Chukuchuku. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kumkuta Mize mlangoni kila nirudipo, ameshika ubao wake, mweupe, hauna herufi. Nikamwambia mama naacha chuo, aende yeye. Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hata uso hakuinua.

"Uache, ili nyote wawili muwe nusu? Nazi zimelipia masikio yako. Mdomo wako nani kaukodi?"

Basi kila baada ya alasiri nikawa namwandikia Mize ubao, anasoma, nafuta, naandika tena. Alikuwa mbishi, nami mkali, tulifaana.

Siku ya khitima yangu, nilipoumaliza msahafu, Mize alikaa kando yangu akasoma, hakukosea. Mwalimu akauliza, "Huyu anasoma kwa nani?"

"Kwako, mwalimu," mama akamjibu. "Kapita njia ndefu kidogo."

Mwalimu akacheka sana, akampokea kwenye juzuu za mbele. Mize hakuwa na miaka mingi tena ya kulipiwa, na tui likarudi chunguni mapema.

Kwa hiyo ada ikipanda, mwanangu, usijitazame wewe tu kama utafika. Geuka, umtazame aliye nyuma yako. Mungu awape elimu ya kuwafaa, na vyungu vyenu visikose tui.

Na nyumbani kwangu amri ni moja: aliyetangulia kusoma haligusi sinia la jioni mpaka amemsikiliza mdogo wake. Wali utapoa. Na upoe.