Ardhi ya Ukoo Haimngoji Kafili

Naikumbuka siku moja ya Jeddah, mwanangu, kama vile mikono yangu ingali inanuka iliki. Kafili wangu, yaani bosi aliyeshika karatasi zangu, alikuwa mtu wa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, lakini likizo ilipofika mkewe, madam wangu, alitubeba sote hadi Jeddah kwa mama yake. Jikoni kwa bibi yule nikamkuta mpishi wa Kizanzibari, Bi Zuhura, mtu mzima, mdomo mkali, moyo laini.

Siku hizo kwetu Taita hakukaliki. Ukoo wetu una ardhi kubwa kule bondeni, ya wote, si ya mmoja. Ilikuwa imelala tu inaota miiba, na tajiri mmoja wa mbali alishaanza kuitolea macho kwa ajili ya ng'ombe wake. Serikali ikatuma tume iulize: je, ardhi hii ikodishwe kwa watoto wa ukoo wenyewe, wahamie huko walime, na kodi igawiwe ukoo mzima? Kila mrithi angesikilizwa, na walio ng'ambo wangepigiwa simu. Akikataa hata mmoja, shauri lote linakufa.

Na mimi nilishaapa kukataa. Wa kwanza kuomba alikuwa Mwakio, mtoto wa baba mdogo, na alitaka kipande cha kando ya mto. Roho iliniuma! Mimi nasugua masufuria ya watu Uarabuni, yeye ale mahindi mabichi mtoni? Tena kukodishiwa mali ya babu yako mwenyewe, hayo nayo ni mambo gani? Ingoje mpaka nirudi, nikasema.

Nilimweleza Bi Zuhura tukimenya vitunguu, nikidhani ataniunga mkono. Akaweka kisu chini.

"Hebu nambie mwanangu, utarudi lini?"

"Kafili akiniachia, Bi Zuhura."

"Basi ardhi ya ukoo mzima imngoje kafili wako? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mie niliwakataza ndugu zangu wasiliguse shamba letu la karafuu mpaka nirejee. Wakaniheshimu. Leo jirani kapanda migomba yake hadi mlangoni kwa marehemu mama."

Nilinuna, sikufichi. Ukweli hauna ladha siku unapoambiwa.

Simu yenyewe ikaja saa mbaya, wageni wamejaa sebuleni na madam anaita, "Yalla, gahawa!" Bi Zuhura akaninyang'anya birika.

"Toka. Kahawa nitapeleka mie. Na useme la maana."

Nikajibanza kwenye ngazi. Mama mmoja wa tume akaniuliza kwa upole kama nakubali. Upande wa pili watu wangu wote walikuwa wakiningoja, nikasikia hata jogoo wa mtu akiwika. Nikawaza migomba ile mlangoni kwa marehemu.

"Nakubali," nikasema. "Lakini wakodishiwe, wasiuziwe. Na anayeacha kulima airudishe kwa ukoo."

Vigelegele nilivyovisikia! Nikakaa palepale ngazini nikacheka peke yangu. Mzigo ule sikujua ulikuwa mzito hivyo mpaka nilipoutua. Mwakio akachukua simu.

"Dada, nilijua utakataa."

"Hata mimi nilijua hivyo."

"Aki nimelia mbele ya watu," akasema, na sauti yake bado ilikuwa na machozi.

Niliporudi jikoni, Bi Zuhura alinitazama usoni mara moja tu. "Alhamdulillahi," akasema, akanirudishia birika langu.

Tajiri yule alipeleka ng'ombe wake kwingine. Nami niliporudi nyumbani kabisa, Mwakio ndiye aliyenibebea sanduku, akinitania kwamba mdosi, bosi mzima wa Saudia, amekuja na sanduku moja. Nikakodi kipande jirani na chake kama mtoto mwingine yeyote wa ukoo. Ndiyo, mimi huyuhuyu niliyeapa.

Basi mwanangu unayefunga mizigo kwenda huko, usiondoke na ufunguo wa shamba. Mwekee aliyebaki masharti, hata kama ni ndugu, kisha mwache alime. Ukimwonea wivu wa mahindi mabichi, utarudi ukute miiba, au ukute ng'ombe wa mtu usiyemjua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Mwakio wangu hata zimwi hakuwa.

Mungu akutangulie, akulinde mikononi mwa watu, akurudishe mzima. Na siku utakaposhuka na sanduku lako, ukute moshi unafuka jikoni kwa ndugu zako.