Msikiti ulioandikwa Madina

Wiki iliyopita, katika soko la jumla karibu na stesheni ya Guangzhou, nilimkuta mama wa Unguja akiagiza miswala. Mwenye duka, Mchina, alitandaza mmoja sakafuni. Ulikuwa na picha ya msikiti mwekundu wenye kuba tatu nyeupe, na chini yake neno "Madina".

Mzee wa Kipakistani aliyekuwa akichagua mashuka alivua viatu, akapiga magoti, akaipapasa ile picha.

"Huu si wa Madina, mama," alisema kwa Kiswahili alichokiokota Mombasa. "Ni wa kwetu Lahore. Wafalme wa Kimughali waliujenga kando ya mji wa kale wenye ukuta. Ngazi hizi nimezipanda nimeshikwa mkono na marehemu baba."

Mama alimtazama, kisha akamgeukia mwenye duka. "Laoban," alimwita, yaani bosi kwa Kichina, "futa Madina. Andika Lahore."

"Madina ndiyo inayouzika."

"Watu wataswalia hapa. Siwapelekei uongo."

Mzee aliweka mkono kifuani, akamwinamia.

Mimi namshukuru mzee huyo zaidi. Mswala kama huo ninao nyumbani, na kila mgeni nimemsimulia nilivyouona msikiti huo kwa macho yangu, Madina.