Mbung'o Mwenye Damu ya Dada

Mwaka ule tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mpaka jasho letu likanuka yanga. Nimeukumbuka juzi, mjukuu wangu aliponionyesha stempu kwenye bahasha: mkono umeshika mdudu.

"Bibi, wanawasifu wananchi wanaosaidia watafiti."

"Basi huo mkono ni wangu," nikamwambia.

Kule kijijini kwetu Keza tulikuwa tukimkamatia mtafiti mmoja mbung'o, tunawatia kwenye viberiti. Tulimwita Bwana Mbung'o. Hakuna mvulana aliyenishinda kukamata.

Mchana ule dada yangu Anastazia alikuwa amelala kando ya mafiga, kama kila siku, uji umemkaukia mdomoni. Mbung'o akamuuma shingoni. Nikamdaka mbung'o yule, nikamfungia kiberitini. Bwana Mbung'o alipokuja kuchukua viberiti vyake, akafurahi.

"Lete huyo, mwanangu. Dada yako ana malale. Nitampasua kule Biharamulo, nione ana nini."

Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu. Nilisikia atampasua dada. Nikaficha kiberiti mgongoni.

"Simtoi hata mkiniua."

Akaondoka bila yule mbung'o. Anastazia tulimzika kabla maharage hayajakomaa.

Leo najua aliyetaka kumpasua ni mbung'o, na kwamba mbung'o mmoja asingemponya mtu. Lakini bado namsikia akivuma kiganjani mwangu, na mama akilia siku ile, "Mtoe, mwanangu, labda ndiyo dawa yake," na mimi namjibu:

"Simtoi hata mkiniua."