Ruhusa ya Baba

Hata leo nikipita Darajani, harufu ya ubani ikinipiga puani, moyo huruka. Hucheka peke yangu njiani, watu wakanitazama. Wacha watazame! Hawajui kuwa nimekulia katika nyumba ambayo ubani ulikuwa haramu.

Naam, haramu, na wala hatukuwa Waislamu. Baba yangu alitoka bara akiwa kijana, akafungua karakana ya makochi Mwanakwerekwe, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa dogo la walokole, la mabati, nyuma ya soko. Kwetu ubani ulikuwa wa kuitia mashetani. Hereni kiburi, hina anasa, ngoma ndiyo usiseme. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo Baba alinilea peke yake. Hata nywele alinisuka mwenyewe, tena vibaya, na mimi nilimpenda kupita kiasi. Jirani yetu Bi Zuhura alipofukiza nguo zake siku za Ijumaa, nilisimama dirishani nikivuta pumzi kwa wizi, kisha nikatubu.

Likizo moja Baba alinipeleka Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, kwa Mama Mdogo, ndugu wa marehemu mama, aliyekuwa Mkatoliki. Jumapili akanichukua misani, huko huko mjini. Jamani! Kengele zililia hadi nikazisikia tumboni. Kwaya ikaingia na ngoma, ngoma ya kweli, ndani ya kanisa. Halafu moshi ukaanza kupanda pale mbele, ukatufikia, nikanusa. Ubani! "Mama Mdogo, kumbe wanaruhusiwa!" nilisema kwa sauti, benchi zima likageuka. Kisha watu wote wakapiga magoti, kukawa kimya, na katika kimya kile kitu kikanishika ambacho mpaka leo siwezi kukitaja jina. Nilijua tu kuwa hapa ndipo kwangu.

Mama Mdogo akanipeleka kwa padri. Padri, mtu mpole, akasema mlango uko wazi, lakini mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kubatizwa bila ya ruhusa ya baba yake. Loo! Jambo pekee nililolitaka duniani, na ufunguo anao Baba, mzee wa walokole.

Nilimkuta karakanani akipigilia kitambaa kwenye kochi, misumari kaibana mdomoni kama kawaida yake. Nikasema yote kwa pumzi moja. Nyundo ikasimama. Akatema misumari kiganjani.

"Unafuata ubani na ngoma, au unamfuata Mungu?"

Sikufunzwa uongo. "Ubani kwanza, Baba. Mungu baadaye, lakini sana."

Midomo ilimcheza, sikujua ni kicheko au nini. "Nenda," akasema, akairudisha misumari mdomoni.

Nilikimbia mpaka sokoni na kurudi, bila ya sababu yoyote, nikipiga vigelegele, hadi Bi Zuhura akatoka kuuliza kama kuna harusi. Nikamweleza. "Haya, kipenda roho hula nyama mbichi," akasema huku akicheka. Na siku ya ubatizo ilipofika, baada ya mafundisho ya mwaka mzima, ni yeye aliyeniita asubuhi. "Lete hilo gauni, mwanangu. Nyumba ya Mungu haiendewi na harufu ya gundi." Akalifukiza udi mpaka likanukia hadi pindoni. Baba alipita uani, akaona, akakohoa, akaenda zake.

Sasa, kanisani kwa Baba mtu alibatizwa baharini, anazamishwa mzima mzima. Katekista alikuwa ameshatuambia kuwa sisi hutiwa maji kidogo, lakini mimi nilidhani kidogo ni hadi kiunoni. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kubana pumzi kwenye ndoo. Padri aliponiinamisha, nikaziba pua, nikavimbisha mashavu, nikangoja bahari. Maji ya kikombe cha kahawa! "Pumua, binti," padri akaninong'oneza, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nami, maji yakinitiririka shingoni. Sijapata kufurahi vile tena.

Baba hakuja. Lakini tangu hapo, kila niliporudi kutoka misani nilimkuta nyumbani, kashapika chapati, ananingoja tule. Hakwenda tena kanisani kwake. Nilifurahi mno! Nilidhani amechoshwa na mahubiri marefu. Nilikula chapati zangu, nikamsimulia habari za kwaya, wala sikuuliza.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, nilipokutana sokoni na mtu mmoja wa lile kanisa la mabati. Akaniambia bila ya kinyongo kuwa kwao mzee asiyeweza kuitiisha nyumba yake haongozi kanisa, na aliyekuwa akilihubiri sana jambo hilo ni Baba mwenyewe. Walimpa achague, amkanye mtoto au aache uzee na kanisa lao. Aliacha, wala hakubishana. Mwaka ule nilipokuwa nikiimba barabara nzima, Baba alikuwa anapoteza watu wake wote wa hapa kisiwani, na siku ile karakanani alijua kuwa atawapoteza.

Nilikwenda kwake moja kwa moja, machozi yananitoka. Alikuwa barazani anamenya chungwa.

"Baba, kwa nini hukunambia?"

Akanikatia kipande, akanipa.

"Ningekwambia," akasema, "usingekwenda."